Gemu ya 1998 inakufunza hesabu ambayo Aviator inaomba usijue

Oya msee, tulia hapo kidogo. Kabla hujafungua ile app, nijibu swali moja. Ukicheza ndege mara mia mbili usiku wa leo, soo moja kila raundi, utakuwa umeacha ngapi mezani kukikucha? Usiniambie "leo naskia bahati iko". Nataka namba.

Kama hujui, hauko peke yako. Pita stage yoyote ya boda Malindi saa nane mchana, jua limechoma na wateja wamepotea. Utakuta vijana wameinamia simu, hakuna anayeongea. Kile kindege chekundu kinapaa, 1.20, 1.85, 2.40, halafu kimeenda. Mtu anavuta pumzi, anaweka tena. Nenda Kilifi, story ni ile ile. Mtwapa ndiyo usiseme.

Sasa mimi niko na beshte Kilifi, jamaa wa kuunga nyaya za stima. Siku moja nilimkuta ameinama hivyo hivyo kwa simu yake yenye kioo kimepasuka. Nikajua ameisha, ndege imembeba. Nikachungulia. Kumbe anacheza gemu inaitwa Baldur's Gate, ya 1998, na alikuwa amekufa mara ya tisa mahali pamoja. Na alikuwa anacheka.

Hiyo gemu nimeicheza tangu siku hiyo, na leo nakuandikia kwa sababu moja. Hiyo kitu na Aviator zote zinaendeshwa na bahati. Moja inakuonyesha bahati inafanya kazi vipi mpaka unaielewa. Nyingine inakula kwa sababu huielewi.

Serikali imefika wapi na hii maneno

Tuanze na habari. Tarehe 29 Aprili 2025, bodi ya kusimamia betting nchini ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. TV, redio, mabango, mitandao, zote. Agosti mwaka huo huo Rais akatia sahihi sheria mpya ya kamari, Gambling Control Act, ikachukua nafasi ya ile ya 1966. Fikiria sheria ya 1966, wakati babu yako alikuwa kijana, ndiyo ilikuwa inasimamia app iliyo mfukoni mwako.

Halafu kuna ushuru. Tangu 1 Julai 2025, kwa ile Finance Act, ukiweka pesa kwa akaunti ya betting unakatwa 5%. Ukitoa, unakatwa 5% tena. Tuseme umeweka thao moja. Finje inaenda, unabaki na 950. Ukapata akili ghafla ukaamua kutoa yote bila kucheza hata raundi moja. Unakatwa 47.50. Unarudi nyumbani na 902.50. Karibu soo imeenda na ndege haijapaa bado.

Lakini niwe mkweli, sheria haiwezi kukutoa hapo pekee yake. Matangazo yakisimama, beshte zako hawasimami. Ile screenshot ya msee ameshinda elfu arobaini itazunguka WhatsApp tu. Za waliochomeka hakuna anayetuma. Kinachoweza kukusaidia ni kichwa chako kujua hesabu, na shuleni hesabu ya bahati ilipita haraka sana, wengi wetu tulikuwa tunaangalia saa.

Hii gemu inaua watu kwa mlango

Baldur's Gate ilitengenezwa na BioWare ya Canada na ikatoka Desemba 1998. Mwaka 2012 kampuni nyingine, Beamdog, ikaipiga rangi upya, na 2014 ikaingia Android. Unalipa mara moja tu. Hakuna kuweka pesa kila raundi.

Story iko hivi. Wewe ni yatima uliyelelewa ndani ya ngome ya vitabu inaitwa Candlekeep. Usiku mmoja mzee aliyekulea, Gorion, anauawa mbele yako barabarani. Unabaki na dada mmoja wa utotoni, Imoen, na ushauri wa marehemu: nendeni hoteli fulani, Friendly Arm Inn, kuna watu wanawasubiri. Mwisho unaweza kuongoza timu ya watu sita. Mwenye ngao, mwenye upinde, mganga wa kutibu, mchawi, mwizi wa kufungua kufuli. Vita vinaenda moja kwa moja, lakini unaweza kusimamisha kila kitu wakati wowote, ukawapa watu wako amri, halafu ukaachilia.

Unatembea na Imoen mpaka hoteli. Unapanda ngazi. Mlangoni kuna jamaa amesimama, anaitwa Tarnesh. Anakusalimia vizuri tu, anataka kuhakikisha kama wewe ndiye yule. Ukishajibu, ameanza.

Kwanza anajitengenezea vivuli vyake, hujui umpige yupi. Halafu anatupa uchawi wa woga, watu wako wanaanza kukimbia ovyo kama kuku. Halafu anakurushia mishale ya uchawi. Kila mshale unatoa uhai 2 mpaka 5. Sasa kama umechagua kuwa mchawi, ukiwa levo ya kwanza una uhai kama 4 hivi. Piga hesabu. Mshale mmoja unaweza kukuzima, na wewe mwenyewe ukifa, gemu imeisha. Rudi pale uliposevu.

Hapo ndipo beshte yangu alikuwa amekufa mara tisa.

Mara ya kwanza unakasirika. Mara ya pili unasema ni bahati mbaya. Mara ya tatu unaanza kuangalia. Unagundua kwamba mchawi akiguswa na mshale akiwa katikati ya kusoma uchawi wake, unakatika. Kwa hivyo kazi yako ni kumgusa mapema, haijalishi umemuumiza kiasi gani. Unakumbuka Imoen amekuwa na fimbo ya uchawi kwa begi tangu mwanzo, na hujawahi kuifungua. Unaacha kusimama pamoja, kila mtu anasimama upande wake. Unasevu kabla ya kupanda ngazi. Mara ya kumi Tarnesh analala, na unaskia vizuri kuliko goli la dakika ya tisini.

Mkono wako uko vile vile. Kilichobadilika ni kwamba umeanza kusoma hali kabla ya kubonyeza.

Dadu halikumbuki sura yako

Sasa shika hapa, ndiyo nyama ya hii story.

Ndani ya gemu, kila ukirusha panga, kompyuta inatupa dadu la pande 20. Kila upande una nafasi ya 5%. Kuna namba inaitwa THAC0, jina baya, maana yake rahisi. Ni namba unayohitaji kupata kwa dadu ili umguse mtu mwenye ulinzi wa sifuri. Kijana wa levo ya kwanza mara nyingi ana 20. Adui akiwa na ulinzi wa 5, unatoa 5 kwa 20, unabaki na 15. Kwa hivyo unahitaji 15 kupanda. Pande sita kati ya ishirini. Nafasi 30%.

Gemu inakuandikia haya chini ya skrini, kila dadu, kila namba. Umekosa, unaona umekosa na ngapi. Hakuna siri.

Ukicheza wiki mbili, unajifunza kitu ambacho mwalimu alijaribu akashindwa. Nafasi ya 30% ni ndogo kuliko unavyodhani. Kukosa mara tano mfululizo kunatokea kama mara 17 kwa kila 100. Utakosa mara tano, na utapiga simu kwa kitanda ukisema gemu imekwama. Haijakwama, ni kawaida.

Na kitu cha pili: baada ya kukosa mara tano, nafasi ya mara ya sita ni ngapi? Bado 30%. Dadu halikuonei huruma. Halijui umechoka. Halisemi "huyu ameteseka, sasa nimpe". Wale wanaoshinda hii gemu huwa wanaacha kungoja dadu liwapende. Wanatafuta njia ya kubadilisha namba yenyewe. Wanaomba baraka ya mganga, wanatumia mishale wakiwa mbali, wanatupa uchawi wa usingizi ili adui alale kwanza, ndio wampige. Wanahama kutoka 30% hadi 60%, halafu ndio wanarusha.

Hiyo sentensi ishike. Mchezaji mzuri anabadilisha nafasi kabla ya kurusha dadu.

Sasa turudi kwa ndege

Kwa Aviator unaweza kubadilisha nini? Kiasi unachoweka, na wakati unaotoka. Basi. Hakuna baraka, hakuna upinde, hakuna kusevu.

Watengenezaji wake, Spribe, wanasema wazi kwamba kwa wastani inarudisha 97%. Wengi wakiskia hivyo wanafurahi, 97% si ni karibu yote? Shida ni kwamba ile 3% inakatwa kwa kila raundi, na raundi ni za sekunde. Turudi kwa swali la mwanzo. Soo moja mara 200 ni elfu ishirini zimezunguka usiku mmoja, hata kama mfukoni ulikuwa na thao mbili tu. 3% ya elfu ishirini ni mia sita. Hiyo ndiyo bei ya wastani ya usiku wako, kando na ushuru. Kuna usiku utatoka juu. Kuna usiku utatoka umefagiliwa. Lakini ukikusanya miezi sita, namba inarudi hapo.

"Mimi natoka mapema, kwa 2." Sawa. Nafasi ya ndege kufika 2 ni karibu 48.5%. Iko chini ya nusu, na hapo ndipo mwenye app anakula.

"Mimi naongeza mara mbili nikipoteza, lazima irudi." Hii ndiyo inamaliza watu wa stage. Unaanza na finje. Umepoteza, 100. Umepoteza, 200, 400, 800, 1,600. Hapo umepoteza mara sita mfululizo na umeweka 3,150, yote ukifukuzia faida ya finje. Kupoteza sita mfululizo ni karibu mara 2 kwa kila 100, unaskia ni kidogo. Lakini ukicheza raundi 200 usiku mmoja, nafasi ya kupatana na huo mfululizo angalau mara moja ni zaidi ya tatu kati ya nne. Ikikukuta, Fuliza inafunguka, na kesho asubuhi mwenye pikipiki anataka pesa yake ya siku.

"Kuna app ya kutabiri, naiuziwa Telegram." Msee, hapo unaibiwa mara mbili. Matokeo ya kila raundi yanatoka kwa namba ya siri ya seva ikichanganywa na namba za wachezaji watatu wa kwanza kuweka raundi hiyo. Hakuna mtu wa Telegram anayejua. Angejua, asingekuuzia kwa mia tano, angekaa nayo kimya.

Na angalia, sijasema ndege imechezewa. Ukweli ni mbaya kuliko hivyo. Haihitaji kukuibia. Ikiwa safi kabisa, bado unapoteza.

Babu zetu walijua hii kitu

Ukifika Malindi mji wa zamani jioni, kwenye baraza bado utakuta wazee wa bao. Wengi wetu tunapita tu, tunaona ni mchezo wa waliostaafu. Kaa chini uangalie.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kila mtu anaanza na kete 10 mezani na 22 mkononi. Kwanza mnanamua, kete moja moja zinaingia. Zikiisha mkononi, mnaingia mtaji, na hapo ndipo kichwa kinauma. Unapanda kete, unakula, unazunguka, zamu moja inaweza kwenda mbali mpaka asiyejua anapotea. Ukimaliza safu ya mbele ya mwenzako, umemfunga. Mtafiti Alex de Voogt aliwafuata mabingwa wa bao Zanzibar na akaandika kitabu kizima 1995 kuhusu vile akili zao zinavyobeba hesabu hizo.

Kwenye bao hakuna dadu. Bahati ni sifuri. Ukifungwa, ni wewe.

Kwa hivyo ziko tatu. Bao halina bahati kabisa. Baldur's Gate ina bahati, lakini unaiona na unaweza kuisukuma. Aviator ni bahati tupu, na imekatwa 3% kabla hujakaa. Pwani hii ilikuwa na mchezo mgumu kuliko zote za simu yako, na tumeuacha barazani tukakimbilia ule mwepesi kuliko zote. Mepesi ndiyo ghali. Hiyo nimeilipia mwenyewe, sitasema ni ngapi.

Na hizi gemu, lini tutatengeneza yetu?

Kuna upande wa pili wa habari hii ambao unanibamba. Aprili 2024 ilitoka gemu inaitwa Tales of Kenzera: Zau. Mwenyewe ni Abubakar Salim, muigizaji wa Uingereza mwenye damu ya Kenya, yule aliyetoa sauti ya Bayek kwa Assassin's Creed Origins. Alitengeneza kutokana na kumpoteza babake, akatumia hadithi za Wabantu, na unaweza kuicheza yote ikiongea Kiswahili. Studio yake, Surgent, ilipata shida ikapunguza watu mwaka huo huo. Lakini baadaye 2024 wakatangaza mradi mwingine, Project Uso, RPG ya kutazamwa kutoka juu, mtindo ule ule wa hizi za zamani. Jina lenyewe ni Kiswahili. Kabla yao, Kiro'o Games ya Cameroon ilitoa Aurion 2016, RPG ya Kiafrika kutoka Yaoundé.

Sasa angalia nyumbani. Gede iko hapo kati ya Malindi na Watamu, mji wa mawe uliomezwa na msitu, watu walihama karne ya 17 na mpaka leo wanahistoria wanabishana kwa nini. UNESCO iliuweka kwa orodha ya urithi wa dunia Julai 2024. Kaya za Mijikenda ziliingia 2008. Mekatilili wa Menza aliwaunganisha Wagiriama kwa kiapo na ngoma 1913, akakamatwa, akapelekwa mbali mpaka Kisii, akatoroka akarudi kwa miguu. Hiyo safari pekee ni gemu nzima. Msitu, askari, chakula kidogo, nani umwamini, kijiji gani upite usiku. Chora ramani, weka dadu.

Wanaosoma kompyuta Pwani University mnaskia? Gemu za aina hii hazitaki picha za bilioni. Zinataka sheria nzuri na story inayouma.

Lakini usinielewe vibaya

Najua utasema gemu haileti ugali. Kweli. Beshte yangu hajalipwa hata shilingi na Tarnesh. Gemu ngumu inakula masaa pia, na kama una kazi ya kufanya na umekaa unasevu na kurudia, hilo ni tatizo lako lingine. Na mtu hachezi ndege kwa sababu ni mjinga. Anacheza kwa sababu msimu wa watalii umekuwa mbaya, kazi hakuna, na app ndiyo pekee inayomwambia kuomoka ni leo. Hilo deni ni la serikali na kaunti, wasijifiche nyuma ya siku 30 za matangazo.

Lakini wakati tunangoja kazi, hesabu ni ya bure. Fanya hivi wikendi hii. Fungua app ya M-Pesa, toa statement ya miezi mitatu. Jumlisha kila kitu ulichotuma kwa betting. Jumlisha kila kitu kilichorudi. Toa. Usimwonyeshe mtu, usipost. Angalia tu hiyo namba, mara moja, kama vile Baldur's Gate inavyokuandikia dadu chini ya skrini.

Beshte yangu alifanya hivyo. Hakuniambia alipata ngapi. Alinyamaza kidogo, akafuta app, akaniuliza kama najua njia ya kupita kwa wale kobold wa mishale ya moto kwenye migodi ya Nashkel.

Nikamwambia sevu kwanza. Halafu twende polepole.

Wewe statement yako inasemaje?